Kanyaruchinya: Maneno ya mtihani wa kazi ya Leta yanapogusa maisha ya mtaa

Desantralizasio, retrosesio, inflasio. Vijana wanaojitayarisha kwa mtihani wa kuingia kazi ya Leta hukariri maneno hayo kwa Kifaransa, tena kwa haraka, ili wapate pointi. Lakini kwa mkaaji wa Kanyaruchinya, katika teritware ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, kila neno lina mfano wake karibu na mlango wa nyumba.

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa Leta inaweka mtihani wa mashindano kuwa njia ya kawaida ya kuajiriwa. École Nationale d'Administration (ENA) ya Kinshasa, iliyoundwa mwaka wa 2013, nayo huchagua wanafunzi wake kwa mashindano. Anayetaka kupita huko lazima aelewe uchumi, siasa na maendeleo.

Uchumi kukua si maendeleo

Kukua kwa uchumi hupimwa kwa PIB, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka. Katika mwaka wa 2022 na wa 2023, PIB ya Kongo iliongezeka kwa zaidi ya 8% kila mwaka, hasa kwa sababu ya shaba na kobalti.

Miaka hiyohiyo, makumi ya maelfu ya wahami wa vita kutoka Rutshuru na Kibumba walifika Kanyaruchinya wakikimbia mapigano ya M23 na jeshi la serikali. Walilala chini ya mabashi, juu ya mawe ya volkano. Hesabu ya PIB haiwaoni watu hao. Ndiyo sababu shirika la Umoja wa Mataifa la PNUD, tangu mwaka wa 1990, hutoa kipimo kingine kinachoangalia pia urefu wa maisha na masomo, si mapato peke yake.

Teritware na sheferi ni vitu viwili

Hapa ndipo watahiniwa wengi hujikwaa. Katika sheria ya Kongo, teritware ya Nyiragongo si kitengo kinachojitawala. Msimamizi wa teritware huteuliwa na kutumwa na serikali, na hufanya kazi kwa jina lake. Hiyo huitwa dekonsantrasio.

Lakini sheferi ya Bukumu, iliyo ndani ya teritware hiyo, ina haki ya kuwa na bajeti yake na kusimamia mali yake, kama vile miji, komini na sekta. Hiyo ndiyo desantralizasio. Kwa hiyo mkaaji anayeuliza kuhusu barabara ndogo ya kijiji au soko lake ana haki ya kubisha pia mlango wa sheferi, si wa msimamizi wa teritware pekee.

Hesabu ya 40%

Swali linalofuata ni la pesa. Kifungu cha 175 cha Katiba ya mwaka wa 2006 kinasema kwamba 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapaswa kubaki jimboni tangu pesa zinapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaongeza kwamba 40% ya fungu hilo la jimbo ni ya miji, komini, sekta na sheferi.

Kwa mfano, kwenye kila franka 100, jimbo linapaswa kupata 40, na katika hizo 40, franka 16 zinapaswa kushuka chini. Katika hali halisi, Kinshasa imezoea kukusanya zote kwanza, kisha kurudisha sehemu. Kitendo hicho cha kurudisha ndicho watu huita retrosesio. Katiba haikusema "kurudisha". Ilisema "kubakiza". Anayejua tofauti hiyo anajua pia la kudai.

Bei na dola

Inflasio ni bei kupanda kwa jumla na pesa kupoteza nguvu. Huko Goma, bei nyingi hufuata dola. Franka inaposhuka, mwalimu analipwa kiasi kilekile, lakini anarudi nyumbani na unga kidogo. Mama anayeuza mboga kando ya barabara ya Rutshuru hahitaji kufundishwa neno hilo. Yeye hulihesabu kila asubuhi anaponunua mali ya kuuza.

Mali ya wote

Kuna huduma ambazo hakuna mfanyabiashara atakayezitoa, kwa kuwa hawezi kumlipisha kila anayefaidika. Kuchunguza volkano ni moja. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka bila onyo kutolewa, na moto wake ukateremka hadi Buhene. Kabla ya hapo, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepoteza msaada wa Banque mondiale na kupungukiwa na pesa za kazi. Mali ya wote isipopangiwa bajeti, wote hulipa.

Mamlaka ni ya nani?

Tangu tarehe 6 Mei 2021, chini ya utawala wa dharura, wanajeshi walichukua nafasi ya viongozi wa kiraia katika Kivu Kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia Goma, na muda mfupi baadaye kambi za wahami zikabomolewa au kuachwa wazi, ile ya Kanyaruchinya ikiwa mojawapo. Mabenki yalifunga. Vitabu vya siasa hutofautisha kushika eneo kwa nguvu na kuwa na mamlaka kisheria. Mkaaji anayeombwa kodi anaishi katikati ya mambo hayo mawili.

Mtihani hupita kwa siku moja. Lakini kijana wa Kanyaruchinya aliyeelewa franka 16 kati ya 100 anaweza kuuliza ziko wapi, hata kama jina lake halikutoka kwenye orodha ya waliopita.