Tazama Mpini Kwanza

Wembe wa kukunja ukikwaruza shavu, usilaumu chuma tu, tazama mpini. Mipini mingi ya zamani ya Sheffield na Solingen ni ya seluloidi. Ikizeeka hutoa hewa yenye asidi, wembe ukashika kutu ungali umefungwa kabatini.

Mimi nashauri mpingo. Chonga vibao viwili vya milimita 3, toboa, lainisha kwa msasa namba 220 hadi 600, kisha paka mafuta. Mkiani tia kabari ndogo, funga kwa misumari myembamba ya shaba. Kabari ikikaa vibaya, makali hugusa ubao na kuharibika. Funika pua, maana vumbi la mpingo huwasha.

Pembe ya ndovu tuiache: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989.