Walimu wa Kilimo Wastaafu na Somo la Kupumzika



Msimu huu nimezungumza na walimu kadhaa wastaafu wa kilimo hapa Same, waliosimamia mashamba ya shule kwa miaka mingi. Niliwauliza swali moja tu: mliwezaje kufanya kazi hii muda wote huo na nyumba zenu zikabaki salama? Nauliza kwa sababu nawaona vijana wanaoacha kilimo wakati shamba bado linalipa. Wamechoka tu.

Jibu la kwanza ni zamu. Shamba la shule halina likizo. Desemba wanafunzi wako makwao, mahindi ya vuli yako shambani. Kwa hiyo kabla shule haijafungwa, zamu ilibandikwa ukutani: nani anamwagilia, nani analinda, nani ana ufunguo wa stoo. Wewe mwenye eka mbili za nyanya, ukiugua leo, nani anajua ratiba yako ya kupiga dawa? Kama hakuna, mfundishe mtu mmoja kabla ya kuongeza eka ya tatu.

La pili, siku ya mapumziko huandaliwa mapema. Wamisionari Wasabato waliingia Upareni mwaka 1903, na mpaka leo huku milimani kuna familia nyingi ambazo jua la Ijumaa likizama, jembe liko chini. Mwalimu mmoja Msabato aliniambia maandalizi yake yalianza Jumatatu: kununua dawa, kulipa vibarua, kumalizana na dalali. Hata kama wewe ni Mwislamu au Mlutheri, mpango huo unafaa. Chagua siku yako, waambie wanunuzi. Dalali akijua Jumapili hupokei simu, atapiga Jumamosi.

La tatu, usirundike mazao. Tangawizi ya kule Mamba Miamba hukaa shambani miezi minane hadi kumi. Nyanya za tambarare nazo zinataka uzikague karibu kila siku. Ukizibeba zote bila msaidizi, utachoka, na mtu aliyechoka hupima dawa kwa macho. Hapo mimea inaungua, au unajidhuru mwenyewe.

La nne wamelitoa kwenye ndiva zetu. Ndiva hufungwa jioni ili maji yakusanyike usiku, asubuhi inafunguliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Ikiachwa wazi usiku kucha, kesho mashamba ya chini hayapati kitu. Hakuna mzee wa Kipare aliyewahi kuita kufunga ndiva uvivu.

Basi wiki hii chukua daftari, andika mambo matatu: siku yako ya kupumzika, mtu atakayeshika shamba siku hiyo, na zao litakalosubiri msimu ujao. Msomee na mwenzako wa nyumbani, maana yeye ndiye anayejua kama unadanganya. Nikipita shambani kwako nitaomba kuliona hilo daftari.