Mbolea ya Ruzuku ya Kigeni Ifikapo Bukoba: Je, Itozwe Ushuru?

Mkazi wa kata ya Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba, anayelima maharage au mahindi nyuma ya nyumba yake, akienda katika duka la pembejeo huweza kuuziwa mfuko wa kilo 50 ulioandikwa tarakimu tatu: 18-46-0. Hiyo ndiyo mbolea iitwayo DAP. Tarakimu ya kwanza yaeleza kwamba katika kila kilo 100 za mbolea hiyo mna kilo 18 za naitrojeni. Ya pili, kwamba mna kilo 46 za fosfeti, ikihesabiwa kama P2O5. Na ya tatu, kwamba hamna potasiamu hata chembe. Jambo moja mfuko huo haulielezi: kama sehemu ya gharama yake ililipwa na serikali ya nchi ulikotengenezwa, na kama ililipwa, ni kiasi gani.

Serikali yaweza kumsaidia mwenye kiwanda cha kemikali kwa njia nyingi, na ni nadra kumpa fedha taslimu mkononi. Amonia hutengenezwa kwa gesi asilia. Basi nchi yenye gesi yaweza kuwauzia wenye viwanda vyake gesi hiyo kwa bei ya chini mno. Nchi yenye miamba ya fosfeti yaweza kutoza malipo madogo kwa haki ya kuchimba. Nyingine husamehe kodi, au hutoa mikopo ya riba nafuu. Mwisho wa yote ni mmoja: tani ya mbolea hutoka kiwandani kwa bei ambayo isingewezekana kama mzalishaji angebeba gharama zake zote peke yake.

Mbolea hiyo ikivuka mpaka na kukutana sokoni na mbolea ya kiwanda cha nchi nyingine kisichosaidiwa, kiwanda hicho huumia. Ndipo hutokea shauri la kutoza ushuru wa kufidia. Ushuru huu usichanganywe na ushuru wa kawaida wa forodha. Ushuru wa kawaida hutozwa bidhaa ya namna fulani itokako nchi yoyote, ama kwa ajili ya mapato ya serikali, ama kwa kulinda viwanda vya ndani. Ushuru wa kufidia huwalenga wauzaji wa nchi fulani tu, nao haupaswi kuzidi kiasi cha ruzuku iliyotolewa. Ruzuku ikiwa sawa na shilingi 20 katika kila shilingi 100 za bei, ushuru hauwezi kuwa 25.

Fikra hii si ngeni, wala haikuanzia katika mbolea. Ilianza katika sukari. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali za Ulaya ziliwalipa wakulima na wenye viwanda vya sukari ya viazi-sukari ili wauze nje kwa bei ya chini. Sukari ya miwa kutoka nchi za joto ikakosa soko. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ya India ilitoza ushuru wa kufidia dhidi ya sukari iliyopewa ruzuku, ambayo wakati huo ilitoka hasa Ujerumani na Austria. Mwaka 1902 mataifa kadhaa yalitia sahihi mkataba huko Brussels wa kuziondoa ruzuku hizo. Kwa mwanafunzi wa Kagera habari hii si ya mbali kama aonavyo, kwani mkoa wake wenyewe una kiwanda cha sukari ya miwa huko Missenyi. Sukari ni miongoni mwa bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kiwango chake cha ushuru wa pamoja kimewekwa kuwa asilimia 100. Huo, hata hivyo, ni ushuru wa kawaida wa kulinda, si wa kufidia.

Mbolea imetendewa kinyume kabisa. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi tarehe 1 Januari 2005, mbolea imewekwa katika kundi la bidhaa za ushuru wa asilimia sifuri. Je, uamuzi huo ni wa haki kwa mzalishaji wa ndani? Swali hili haliwezi kujibiwa na mchumi peke yake. Lazima mwanakemia aitwe, na mtaalamu wa udongo pia.

Udongo wa ukanda wa ziwa pale Bukoba ni mkongwe na umechoka. Mvua ya mwaka hufika milimita 2,000 hivi, nayo imekuwa ikiosha madini ya udongo kwa maelfu ya miaka. Kalsiamu na magnesi zimekwenda na maji. Aluminiamu na chuma vimebaki, na pamoja navyo asidi. Wahaya waliitambua hali hiyo zamani, kabla ya maabara yoyote. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, kililishwa kwa samadi, majivu, takataka za jikoni na nyasi zilizokatwa kutoka rweya, ambayo ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja. Kwa hiyo rutuba ilihamishwa, vizazi kwa vizazi, kutoka rweya kwenda kibanja. Ukipima udongo wa sehemu hizo mbili zilizoachana kwa hatua chache tu, unaweza kudhani umetoka wilaya mbili tofauti. Mifugo ilipopungua na watu walipoongezeka, mpango huo ulianza kulegea, na hitaji la mbolea ya kununuliwa likaonekana.

Katika udongo wa namna hiyo fosforasi ina tabia ya ajabu kidogo. Fosfeti inayoyeyuka upesi majini, kama ile ya DAP, hukutana na aluminiamu na chuma na sehemu yake kubwa hufungwa kabla mizizi haijaifikia. Upande mwingine, asidi ileile inayomsumbua mkulima ndiyo huyeyusha mwamba wa fosfeti. Kanuni yake ni hii:

Ca10(PO4)6F2 + 12H+ → 10Ca2+ + 6H2PO4- + 2F-

Mwanafunzi atazame upande wa kushoto. Kila sehemu moja ya mwamba huhitaji ioni 12 za hidrojeni. Katika udongo usio na asidi ioni hizo ni chache mno, na mwamba hubaki changarawe isiyo na faida. Katika udongo wenye pH chini ya 5.5, na hasa penye upungufu wa kalsiamu, mmeng'enyo huo huendelea wenyewe. Asidi hupungua kidogo na kalsiamu huongezeka. Kazi ambayo kiwanda huifanya kwa asidi ya salfa, udongo huifanya bila malipo, ingawa polepole.

Mwamba wenyewe upo nchini. Karibu na Ziwa Manyara, mahali paitwapo Minjingu, mna akiba ya fosfeti iliyogunduliwa katika miaka ya 1950 wakati wa kupima mionzi kutoka angani. Wapimaji walikuwa wakitafuta urani. Asili yake ni vinyesi na mifupa ya ndege, hasa minandi, waliokaa katika kisiwa cha ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko hili la leo. Fosfeti hiyo huyeyuka kwa urahisi kuliko ile ya miamba ya volkano. Uchimbaji wa viwandani ulianza mwaka 1983. Katika majaribio yaliyofanywa kwa misimu kadhaa magharibi mwa Kenya, kwenye udongo wenye asidi, mavuno yaliyopatikana kwa fosfeti ya Minjingu yalikaribia yale ya mbolea ya TSP iliyotoka ng'ambo.

Ikiwa ni hivyo, mtu ataona ni jambo rahisi: itozwe ushuru DAP ya kigeni, na wakulima wa Bukoba watumie Minjingu. Kabla ya kukubali, yafaa kalamu ishikwe na hesabu ifanywe.

Tuseme mwamba uliosagwa una asilimia 30 ya P2O5. Ili kupata kilo 46 za P2O5 zilizomo katika kilo 100 za DAP, zitahitajika kilo 153 za mwamba. Lakini DAP ina naitrojeni pia, kilo 18, na Minjingu ghafi haina. Itabidi kuongeza kilo 39 za urea yenye asilimia 46 ya naitrojeni. Jumla ni kilo 192 badala ya 100. Kutoka Minjingu hadi Bukoba kwa barabara ni karibu kilomita 1,000. Kutoka bandari ya Dar es Salaam ni kama kilomita 1,400, na urea nayo hutoka bandarini. Ukizidisha uzito kwa umbali, mzigo wa kwanza unatoa 140,000, na wa pili 207,600. Yaani usafirishaji wa barabarani wa mbolea ya nyumbani ni kazi kubwa karibu mara moja na nusu ya ule wa mbolea ya ng'ambo. Hapa ushuru hauhusiki hata kidogo. Ni uzani tu.

Sasa ushuru uongezwe. Kwa mfano wa kufikirika, DAP yagharimu shilingi 100 bandarini, na ruzuku yake ya kigeni ni shilingi 20. Ushuru kamili wa kufidia utaifanya iwe 120. Gharama za kuifikisha Bukoba zikiwa 40, mkulima atalipa 160 badala ya 140, ongezeko la asilimia 14. Fedha hizo 20 zaingia hazina ya taifa, na mwenye kiwanda cha ndani hupata nafasi ya kupumua. Anayezitoa ni mkulima. Walipa kodi wa nchi ya mbali walikuwa wamemzawadia bila kumjua, na zawadi hiyo imezuiliwa forodhani.

Isitoshe, sheria yenyewe ina milango mingi. Chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani uliotumika tangu 1995, nchi haiwezi kutoza ushuru wa kufidia kwa hasira tu. Lazima uchunguzi ufanywe na mambo matatu yathibitishwe: kwamba ruzuku ipo, kwamba kiwanda cha ndani kimedhurika, na kwamba madhara hayo yameletwa na bidhaa hizo za ruzuku wala si na jambo jingine. Uchunguzi hautakiwi kuzidi miezi 18, na ushuru hukoma baada ya miaka 5 isipokuwa ukionekana kuwa bado unahitajika. Afrika Mashariki ina kanuni zake za jambo hili za mwaka 2004. Tena kiwanda kinacholalamika lazima kiwe kinatengeneza bidhaa inayofanana na ile ya kigeni. Je, mwamba uliosagwa unafanana na DAP? Mmoja huyeyuka majini, mwingine huhitaji asidi; mmoja una naitrojeni, mwingine hauna. Wakili hodari wa muuzaji wa kigeni angeanzia hapohapo, na huenda asihitaji kwenda mbele zaidi. Mbolea ya chenga ya Minjingu iliyochanganywa na naitrojeni ingekuwa na hoja yenye nguvu kuliko unga wa mwamba.

Marekani imeijaribu njia hii. Mwaka 2020 kampuni ya Mosaic iliomba uchunguzi dhidi ya mbolea za fosfeti za Moroko na Urusi. Aprili 2021 ushuru ulitangazwa: asilimia 19.97 kwa kampuni ya OCP ya Moroko, 9.19 kwa PhosAgro na 47.05 kwa EuroChem za Urusi. Miongoni mwa ruzuku zilizotajwa ni haki za uchimbaji upande wa Moroko na gesi asilia upande wa Urusi. Wakulima wa mahindi wa Marekani kupitia chama chao waliupinga ushuru huo kwa sababu ileile ambayo mkulima wa Nshambya angeitoa. Viwango hivyo vimekwisha kupitiwa upya na kubadilishwa zaidi ya mara moja.

Tanzania nayo ina uzoefu wake wa kulinda mbolea. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1972 kikiwa na uwezo wa tani 105,000 kwa mwaka. Amonia, salfa, fosfeti na chumvi za potasiamu, vyote vilitoka nje kwa meli. Wachambuzi wa uchumi wa miaka hiyo walionyesha kwamba mbolea ya Tanga iligharimu zaidi ya ile ambayo ingeagizwa ikiwa tayari. Fosfeti ya Minjingu ilipoanza kupelekwa Tanga mwaka 1983 sehemu moja ya tatizo ilipata dawa, lakini kiwanda kilifungwa mwaka 1991. Baadaye, katika mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09, serikali ilichukua njia nyingine: ilimpa mkulima ruzuku na kumwachia achague DAP au Minjingu iliyoongezewa naitrojeni. Wengi waliisita Minjingu, kwa sehemu kwa sababu ya vumbi lake na kwa sababu matokeo yake hayaonekani upesi.

Kusita huko kwaweza kuchunguzwa na shule yoyote ya sekondari ya Bukoba au Muleba bila gharama kubwa. Udongo uchukuliwe rweya na ujazwe katika makopo tisa yaliyotobolewa chini, kilo tatu kila moja. Makopo matatu yasiwekwe fosfeti. Matatu yatiwe gramu moja ya DAP kila moja. Matatu yatiwe gramu moja na nusu ya Minjingu. Urea iongezwe kidogo katika makopo yasiyo na DAP ili naitrojeni ilingane: gramu 0.4 kila moja yatosha. Panda mahindi, mwagilia sawasawa, pima urefu kila wiki, na baada ya wiki sita kata, kausha na pima uzito. Kisha panda tena katika udongo uleule bila kuongeza fosfeti yoyote. Ni zao hilo la pili, ambalo wengi hawana subira ya kulingoja, litakaloonyesha kilichobaki katika kila kopo.