Jiwe la Chokaa Ndani ya Sikio

Kitaya iko Mtwara, kando ya mto Ruvuma. Chini yake mto unaendelea kujikunja hadi kwenye mikoko, na mbele ya mikoko ni bahari. Anayepanda chombo mara ya kwanza kwenda huko, pale mkondo wa mto unapogongana na mawimbi ya kusi, huambiwa maneno mafupi: tazama mbali, usiinamie maji. Asiposikia, baada ya muda mate humjaa mdomoni, jasho jembamba likamtoka, na wenzake wakamsogeza ukingoni. Mshika usukani, aliyeko kwenye chombo hichohicho, yeye hana habari.

Ushauri ule una sayansi ndani yake, na sayansi hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya vijana wanaotengeneza programu za miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo wengi huiita VR. Watu hudhani kazi yao ni kuchora picha nzuri. Picha ni sehemu yake tu. Sehemu kubwa ni kulinda tumbo la mtu.

Mwaka 1882 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliwazungusha viziwi 519 ili aone kama watapata kizunguzungu. Watu 186 kati yao hawakuhisi kizunguzungu hata kidogo. Katika wanafunzi na walimu wapatao 200 wa Harvard wanaosikia vizuri, mmoja tu ndiye aliyenusurika. James akauliza zaidi na kugundua kwamba viziwi wa namna hiyo waliowahi kusafiri baharini hawakulewa bahari. Maana yake ni nzito: maradhi ya chombo hayaanzii tumboni. Yanaanzia sikioni.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayopokea sauti, mna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hubaki nyuma kidogo, kama maji ya ndoo iliyozungushwa ghafla, na kule kubaki nyuma hupinda vinyweleo vinavyoupasha ubongo habari. Kando yake mna vijiwe vidogo mno vilivyokaa juu ya utando laini. Chombo kikipanda au kikishuka, vijiwe hulalia upande, na ubongo hujua. Vijiwe hivyo ni kalisi kaboneti, jamii moja na matumbawe ya pwani ya Msimbati na chokaa inayochomwa kwa ajili ya kuta. Kila mmoja wetu anatembea na chembe za mwamba wa pwani kichwani mwake.

Jaribu jambo moja sasa hivi. Weka kiganja mbele ya uso, utazame mistari yake. Kitikise haraka kushoto na kulia, kichwa kimetulia: mistari inavurugika. Sasa tuliza kiganja, utikise kichwa kwa kasi ileile, kama mtu anayekataa bei ya korosho zake. Mistari inasomeka. Sikio limehisi kichwa kinageuka na limeyaamuru macho yageukie upande wa pili, katika muda wa takriban milisekunde 10, sehemu moja ya mia ya sekunde. Mapatano hayo kati ya sikio na jicho yako kazini tangu ulipozaliwa, na hukuwahi kuyashukuru.

Mtengenezaji wa VR anaingia katikati ya mapatano hayo. Miwani yake huonyesha kila jicho picha yake, zikitofautiana kidogo. Kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoupa ubongo kina, Mwingereza Charles Wheatstone alikwisha kulionyesha hilo mwaka 1838. Ukigeuza kichwa, picha nayo lazima igeuke. Ikichelewa, jicho linasema bado hatujageuka wakati sikio linasema tumekwisha geuka. Mafundi wameuweka mpaka wa kuchelewa huko kwenye milisekunde 20 hivi. Miwani mingi huchora picha 72 au 90 kila sekunde, na kwa picha 90 programu ina milisekunde 11 tu za kuchora ulimwengu mzima, mara mbili, kwa macho mawili. Mkorosho mmoja uliochorwa jani kwa jani unaweza kuzila zote. Kwa hiyo fundi huchonga matawi ya karibu na kuyafanya ya mbali kuwa picha bapa, huku programu ikikisia kichwa kitakuwa wapi punde kidogo mbele na kuisogeza picha mwishoni kabisa kabla haijafika machoni.

Hata hivyo kasi haitoshi. Ndani ya chombo sikio linasema tunakwenda, na macho yaliyoinamia mbao yanasema tumekaa. Katika miwani mambo hupinduka: macho yanasema tunapaa, na sikio, mtu akiwa amekaa kitini, linasema hatujaondoka. Ugomvi ni uleule. Mwaka 1977 Michel Treisman alitoa dhana kwamba ubongo, ukiona habari za macho na za sikio zinapingana, huamini mtu amekula sumu na kuamuru itapikwe. Anayejua muhogo mchungu usioandaliwa unavyomfanya mtu ataielewa hofu hiyo ya mwili.

Chukua mfano wa Kilwa Kisiwani. Watafiti wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu yake kwa mwanga wa leza, nukta kwa nukta, kiasi kwamba jengo lote linaweza kukaa ndani ya kompyuta. Mtu wa Kitaya angeweza kuvaa miwani na kusimama Husuni Kubwa, kwenye jumba la karne ya 14 lililojengwa kwa mawe ya matumbawe kando ya bahari. Fundi asiye na uzoefu atamrusha mgeni wake juu ya maji kama ndege. Fundi mzuri atamweka mahali pamoja, amwache ageuke kwa miguu yake, kisha amhamishe papo kwa papo hadi mahali pengine, maana sikio haliulizi habari ya safari isiyoonekana. Ikiwa lazima atembezwe, atamfifishia pembe za picha wakati anasogea. Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba hilo hupunguza kichefuchefu. Na usukani atampa mwenyewe, kwa sababu ileile inayomwokoa mshika usukani wa ngalawa: anayejua chombo kitageukia wapi, sikio lake halishtuki.

Kuna kosa moja linaloniuma. Kwa miaka mingi ilisemwa wanawake ndio wanaoumwa zaidi na miwani hii, kana kwamba ni udhaifu wao. Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake wakapima umbali kati ya mboni za macho na kuona kwamba miwani mingi haikuwaenea wanawake. Walipofanya hesabu hiyo, sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa imetoka kwenye miwani. Mtoto wa shule ana uso mdogo zaidi. Anayetaka kupeleka kifaa hiki darasani Kitaya aanze kwa kurekebisha lenzi, kabla ya kuwasha chochote.

Kisha amkalishe mtoto chini, dakika tano zitoshe kwa siku ya kwanza. Aitazame midomo yake. Mtoto akianza kupiga miayo bila usingizi, akipauka, jasho baridi likamtoka kwenye paji, asimwambie avumilie. Amvue miwani, amtoe nje, amgeuzie uso kwenye mto, atazame miti ya ng'ambo.