Pima shamba kwa kompyuta kabla hujalipa

NCHINI Tanzania, ekari moja ya shamba kwa watu wengi ni hatua 70 kwa hatua 70. Ndivyo mashamba yanavyopimwa vijijini wakati wa kukodisha, wakati wa kuuza, na hata pale dereva wa trekta anapodai ujira wake. Mtu mmoja hutembea, wengine humhesabia, na mambo yanakwisha.

Kipimo hicho si cha kubahatisha kama baadhi ya wasomi wa mjini wanavyodhani. Ekari moja ina yadi za mraba 4,840, na yadi 70 mara yadi 70 ni 4,900. Kwa hiyo mtu anayepiga hatua ya yadi moja, yaani karibu sentimita 91, atapata ekari kamili na nyongeza kidogo.

Tatizo ni miguu. Hatua ya yadi moja ni ya mtu mrefu anayejitanua kwa makusudi. Mtu wa kimo cha kawaida anayepita kwenye matuta anaweza kupiga hatua ya sentimita 75 tu, na hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu. Zidisha kwa upande wa pili, jibu ni mita za mraba 2,756, wakati ekari halali ina mita za mraba 4,047. Aliyenunua ekari 10 kwa hatua hizo ameondoka na ekari 6.8 mkononi, na fedha za ekari 3.2 zimekwenda na upepo.

Siku hizi mtu hahitaji kusubiri ugomvi ndipo ajue ukweli huo. Ipo programu ya kompyuta inayoonyesha dunia nzima kwa picha zilizopigwa na setilaiti na ndege, na ndani yake kuna rula. Wengi wameitumia kutafuta paa la nyumba yao na kuwaonyesha watoto, kisha wakaifunga. Kwa mkulima na mnunuzi wa ardhi, kazi yake yenye faida huanzia hapo walipoishia.

Ilikotoka

Programu yenyewe ni Google Earth. Ilianza kwa jina jingine katika kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Keyhole, iliyoanzishwa mwaka 2001. Watazamaji wa televisheni waliiona mwaka 2003, pale kituo cha CNN kilipoitumia kuonyesha miji ya Iraq wakati wa vita. Google waliinunua Keyhole mwaka 2004, na Juni 2005 wakaitoa programu hiyo kwa umma bila malipo.

Toleo la kitaalamu, Google Earth Pro, ambalo ndilo lenye vipimo vizuri vya eneo, lilikuwa likiuzwa Dola 399 za Marekani kwa mwaka. Tangu Januari 2015 hilo nalo hutolewa bure, na hapo ndipo mkulima wa kawaida alipopata nafasi.

Namna ya kupima

Baada ya kuiingiza programu kwenye kompyuta yenye intaneti, mtumiaji huona tufe la dunia likielea gizani. Juu kushoto kuna kisanduku cha kuandikia jina la mahali. Akiandika jina la mji ulio karibu na shamba lake, tufe huzunguka na kushuka hadi hapo. Kutoka mjini ni kazi ya kufuata barabara kwa kipanya, kama vile mtu yuko kwenye basi: daraja, shule, msikiti au kanisa, njia panda, kisha shamba.

Hapo hubonyezwa alama ya rula iliyo juu ya picha. Huchaguliwa kipimo cha umbo lenye pembe nyingi, kisha mtumiaji hubonyeza kila kona ya shamba moja baada ya nyingine hadi alizunguke lote. Programu hutoa urefu wa mzunguko na ukubwa wa eneo, kwa ekari au hekta kama atakavyo. Kazi nzima haizidi dakika tano kwa aliyekwisha kuizoea. Umbo hilo huweza kuhifadhiwa kwa jina, likafunguliwa tena msimu ujao au kutumwa kwa barua pepe.

Chukulia mfano wa mkulima wa mahindi anayeamini ana ekari nne, kumbe zilipimwa kwa zile hatua fupi na ukweli ni ekari 2.7. Kila mwaka hulipa trekta kwa ekari nne. Hununua mbegu kilo 40, kwa hesabu ya kilo 10 kwa ekari, wakati kilo 27 zingemtosha. Mbolea ya kupandia hununua mifuko minne badala ya mitatu isiyojaa. Akivuna magunia 60 hujilaumu kwamba shamba limempa magunia 15 tu kwa ekari, kumbe amevuna 22 na yeye ni mkulima hodari kuliko anavyojidhania. Hesabu ya faida na hasara iliyojengwa juu ya ekari isiyo ya kweli haimsaidii mtu, hata iandikwe kwenye daftari zuri namna gani.

Shamba la miaka iliyopita

Kifaa cha pili chenye thamani ni kile chenye alama ya saa. Kikibonyezwa, hutokea mstari wa tarehe, na mtumiaji huweza kurudi nyuma na kuona mahali hapo hapo palivyokuwa miaka iliyopita. Picha za wazi zinazoonyesha nyumba na miti, kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ni za kuanzia miaka ya 2000. Za nyuma ya hapo, hadi 1984, zina ukungu na zinafaa kwa mambo makubwa tu kama misitu na maziwa. Kifaa hiki kiliingizwa kwenye programu mwaka 2009, na mwaka 2024 kikafika pia kwenye simu.

Faida yake inaonekana vizuri katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, kwenye mashamba makubwa ya maua. Mwaka 2009 ziwa lilikuwa limekauka sana na ukingo wake umerudi nyuma. Mtu aliyefika wakati huo angeonyeshwa ardhi tambarare, nyeusi, karibu na maji, na angeiona kuwa bahati. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likameza mashamba na kufukuza watu kwenye nyumba zao. Anayevuta mstari wa tarehe mbele na nyuma huona maji yakienda na kurudi kama pumzi, na hahitaji kuambiwa na dalali kwamba eneo fulani ni salama.

Hata hivyo, hapa kuna mtego. Wanaotayarisha picha hizo huchagua zisizo na mawingu, na siku zisizo na mawingu mara nyingi ni za kiangazi. Ndiyo maana bonde linalojaa maji kila masika laweza kuonekana kavu katika kila picha. Asiyeona maji asiseme hakuna maji. Atafute dalili zake, kama mikondo ya mchanga mweupe, miti iliyojipanga kufuata mkondo wa zamani, au nyumba zote za kijiji kujibana kwenye mwinuko mmoja. Wenyeji hawajengi mlimani kwa kupenda kupanda.

Kwa anayetaka kujua ya mwezi uliopita, Umoja wa Ulaya una setilaiti ziitwazo Sentinel ambazo picha zake hutolewa bure kwenye intaneti. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano hivi, ingawa kila nukta ya picha yake ni mita 10, kwa hiyo shamba la nusu ekari huonekana kama madoa machache. Sentinel-1 hutumia rada, na rada hupenya mawingu ya masika.

Kutembelea mashamba ya mbali

Aliyekwisha kuzoea rula na saa anaweza kuvuka mipaka bila pasipoti, na safari hiyo si ya starehe tu. Kusini mwa Hispania, karibu na mji wa Almería, kuna eneo linaloonekana jeupe kama limemwagiwa unga. Ni mabanda ya plastiki ya kukuzia nyanya, pilipili na matango, zaidi ya hekta 30,000, yakigusana ukuta kwa ukuta. Mkulima mwenye banda moja la nyanya anayeota soko la Ulaya atazame hapo kwanza ajue anashindana na nani.

Kisha ateremke jangwa la Saudi Arabia. Huko ataona miduara ya kijani, mmoja baada ya mwingine. Ni mashamba yanayomwagiliwa kwa bomba refu linalozunguka kama mkono wa saa, kwa maji yaliyovutwa chini kabisa ya ardhi. Kwa mashamba ya namna hiyo nchi ile iliweza kujitosheleza kwa ngano. Lakini maji hayo hayarudi upesi, na mwaka 2008 serikali ilitangaza kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua, ikaufunga mpango huo mwaka 2016. Anayerudisha mstari wa tarehe huona miduara ikizaliwa, na mingine ikigeuka rangi ya mchanga. Ni picha ya kuangaliwa na kila anayepanga kuchimba kisima kirefu akidhani maji ya chini hayana mwisho.

Pasipofaa kuaminiwa

Programu ina udhaifu wake, na anayeuza huduma ya kupimia watu mashamba kwa kompyuta bila kuutaja anawadanganya wateja.

Kwanza, kona hubonyezwa kwa jicho. Kosa la mita moja kila upande kwenye shamba la ekari tano huongeza asilimia moja na kidogo tu. Kosa hilo hilo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huongeza asilimia 10, na kwa kiwanja cha mjini hiyo ni fedha nyingi. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako mpaka ni mstari wa masale chini ya migomba na miti, setilaiti haioni mpaka wowote.

Pili, vimo. Programu huonyesha kimo cha kila sehemu na huweza kuchora mlima na bonde kwa kufuata mstari. Inatosha kumjulisha mtu kama maji ya kijito yatashuka yenyewe hadi shambani au yatahitaji pampu. Haitoshi kuchimbia mfereji. Vimo vya sehemu nyingi za dunia vilitokana na rada ya chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000 na vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali mfereji mzuri huweza kushuka mita moja tu kwa kilomita nzima.

Tatu, namba za ramani. Ramani nyingi za zamani za upimaji za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, wakati programu hii hutumia msingi wa WGS84, ule wa GPS. Mtu anayechukua namba kwenye ramani ya zamani na kuziingiza zilivyo kwenye kompyuta atajikuta takriban mita 300 kutoka mahali halisi, pengine katikati ya shamba la jirani. Kesi inaweza kuanza hapo bila mtu yeyote kuhamisha jiwe la mpaka. Mpima ardhi ndiye anayejua kuzigeuza namba hizo.

Nne, na kubwa kuliko zote, picha haina jina la mwenye ardhi. Haioni rehani ya benki wala urithi uliogombewa na ndugu. Hayo hutafutwa kwa upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, na kwa ardhi ya kijiji, ambayo nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, hutafutwa kwa serikali ya kijiji yenyewe.

Mkoani Iringa, ambako kuanzia mwaka 2014 vijiji kadhaa vilipimwa kwa simu na GPS chini ya mradi uliofahamika kwa kifupi cha MAST, vijana wa kijiji ndio walioshika simu, lakini mistari ilifuata miguu ya wenye mashamba na majirani zao waliosimama kwenye mpaka na kukubaliana. Mnunuzi anaweza kuiga utaratibu huo kwa gharama ndogo: achapishe picha ya shamba ikiwa na umbo alilochora na ekari zilizoonyeshwa, aende nayo siku ya kuonyeshwa mipaka, majirani wa pande zote nne wakiwepo, na kila kona iliyotofautiana na picha aiwekee alama kabla ya kumwita mpima.

Kama kijijini hakuna mtandao, si lazima aache kompyuta nyumbani. Picha alizokwisha kuzitazama akiwa mjini hubaki ndani ya kompyuta kwa muda, na huweza kufunguliwa tena shambani bila intaneti.