Neno "Shall" na Deni Lililomo Ndani Yake

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo karani huyapiga taipu kila siku, na mkulima huyakuta katika karatasi anazotakiwa kuzitia sahihi, ni machache yenye uzito kama kitenzi kidogo "shall". Herufi zake ni tano tu, wala si kigumu kutamka. Lakini mtu asiyeijua maana yake aweza kujifunga kwa kazi asiyoikusudia, au kudhani amepewa haki ambayo hakupewa.

Wengi waliosoma shuleni walifundishwa kanuni moja. Mtu akisema habari za nafsi yake, yaani "mimi" au "sisi", atumie "shall". Akisema habari za "wewe" au "yeye", atumie "will". Yote mawili yakafasiriwa kwa "-ta-": nitakwenda, utakwenda, atakwenda. Kanuni hiyo imo katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokitoa John Wallis, bingwa wa hesabu wa Oxford, mwaka 1653, naye alikiandika kwa Kilatini. Lakini Wallis aliongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Maneno hayo yakibadilishana mahali, maana nayo hubadilika. "Will" kwa mimi, na "shall" kwa wewe au yeye, si habari tena bali ni ahadi au tisho.

Walimu wa zamani walipenda kulieleza hilo kwa kisa cha mgeni aliyetumbukia mtoni huko Uingereza. Alitaka kulia kwamba atazama, wala hapana atakayemwokoa. Kwa hofu akayageuza maneno, akatia "will" kwa nafsi yake na "shall" kwa wengine. Waliosimama ukingoni wakasikia hivi: "Nimekata shauri kuzama, na mtu yeyote asithubutu kuniokoa." Nao, kwa kuwa walikuwa watu wa adabu, wakamwacha afanye apendavyo.

Kisa hicho ni cha kuchekesha, lakini asili ya maneno hayo yaonyesha kwamba si mchezo. Katika Kiingereza cha kale neno lililozaa "shall" lilikuwa na maana ya kudaiwa. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, wangali na neno la ukoo huo, "Schuld", ambalo maana yake ni deni na tena ni hatia. "Will" nalo asili yake ni kutaka. Basi mmoja alisema, "Nadaiwa kwenda," na mwingine, "Nataka kwenda," na baada ya miaka mingi wote wawili wakahesabiwa kuwa wanasema habari za kesho.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilipita njia moja katika hizo mbili. "-Ta-" ya wakati ujao imetokana na kitenzi "taka", na alama yake yaonekana mpaka leo tusemapo "atakayekuja" au "siku watakapofika". Kwa hiyo "-ta-" ni ndugu wa "will". Si ndugu wa "shall". Ndiyo sababu karani afasiripo "shall" kwa "-ta-" tu, deni huanguka njiani, na mkulima hubaki na utabiri badala ya wajibu.

Tufikiri juu ya mkataba wa kuuza mahindi. Ukiandikwa kwamba mnunuzi "shall" kulipa katika siku 30, na mfasiri akasema, "Mnunuzi atalipa," maneno hayo husikika kama mtu asemaye mvua itanyesha. Yafaa iwe, "Mnunuzi sharti alipe." Pakiandikwa "may", maana yake ni kwamba ana ruhusa au hiari. Hatari kubwa huwa pale karatasi inapotia "shall" upande mmoja na "may" upande wa pili: mkulima sharti alete magunia yote, lakini mnunuzi ana hiari ya kuyapokea. Mfasiri akisema, "Mkulima ataleta na mnunuzi atapokea," amewafanya sawa watu wawili ambao karatasi haikuwafanya sawa.

Kiswahili hakikosi chombo cha kubebea deni hilo. Mwingereza akiuliza kwa "shall" kama afunge mlango, Mswahili husema, "Nifunge mlango?" wala hasemi, "Nitafunga mlango?" Umbo hilo la "nifunge" na "alipe", likitanguliwa na "sharti" au "lazima", ndilo lifaalo kwa amri za mikataba na sheria.

Hata wenye Kiingereza chao wamebishana juu ya neno hili. Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliliacha, wakachagua "must", neno lisiloacha nafasi ya kudhani ni habari ya kesho. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ililishika "shall". Kifungu cha 81 chasema kwa neno hilo kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliulizwa kama jambo hilo lilipaswa kutimizwa mara moja katika uchaguzi wa mwaka 2013. Majaji walio wengi walishauri kwamba laweza kutimizwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu Willy Mutunga akatoa maoni kinyume chao.

Kifungu cha 261 kina "shall" mara mbili katika sentensi moja. Bunge likishindwa kutunga sheria hata baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu sharti amshauri Rais alivunje, na Rais sharti alivunje. Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa shauri hilo kwa sababu ya kanuni ile ile ya theluthi mbili. Mahakama Kuu ikalisimamisha, na Bunge likaendelea mpaka uchaguzi wa Agosti 2022.

Basi neno peke yake halilipi deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kila deni lahitaji mdai anayelijua. Karani afasiripo, na mkulima kabla ya kutia sahihi, na waulize mambo manne kila waonapo "shall": ni nani adaiwaye, anamdai nani, alipe lini, na asipolipa itakuwaje? Karatasi isiyojibu swali la nne haifai kutiwa sahihi kwa haraka.