Mbwa aingie wapi, abaki wapi?

Katika mitaa mingi ya Nairobi si ajabu kumkuta mbwa amejilaza mlangoni pa bucha akingoja mfupa. Hakuna anayemfukuza kwa kuwa kila mteja amemzoea. Lakini mtu asiyeona akifika mkahawani akiongozwa na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo, huenda bawabu akamzuia papo hapo. Kwa upande wa afya, hapo mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na yule wa bucha. Mbwa anapokula maini au mapafu yenye vifuko vya maji, hupata minyoo midogo ya jamii ya tegu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, na mengine hunata kwenye manyoya. Mtu akimpapasa kisha ale bila kunawa, mayai humwingia tumboni. Miaka kadhaa baadaye huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, na wagonjwa wengi hulazimika kufanyiwa upasuaji. Huko Turkana ugonjwa huu ulienea kuliko karibu kila mahali duniani, hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Mkazi wa mjini asidhani hayo ni ya wafugaji pekee, kwani kichinjio kisicho na ua humlisha mbwa wa mtaani maini yale yale. Kwa hivyo kichinjio, bucha na soko la vyakula si mahali pa mbwa, awe koko au wa tajiri.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate na huingia mwilini kupitia jeraha, hata mkwaruzo. Husafiri polepole ndani ya neva kuelekea ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Watu wanaokufa kwa ugonjwa huu karibu wote huambukizwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndiyo maana uwanja wa shule usiwe njia ya mbwa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba "huyu haumi".

Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kulipaka pilipili wala mafuta, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo akadungwe chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Barabarani na katika bustani za umma, mbwa anaweza kutembea bila kumdhuru mtu iwapo amefungwa kamba na amechanjwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuumaliza kufikia 2030.

Sasa turudi kwa mbwa mwongozaji. Kazi hii ilianza kufunzwa shuleni mwaka 1916 mjini Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Mbwa wa namna hii huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo, na hufunzwa asiokote chakula chini wala kumrukia mtu. Hapa kwetu wasioona wengi hutumia fimbo nyeupe au kushikwa mkono na jamaa, na pengine ndiyo sababu mabawabu hawamjui. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 humruhusu kuingia madukani, hotelini na hospitalini. Mhudumu anaweza kuuliza tu kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani. Hata hivyo, chumba cha upasuaji na wodi ya walioungua humfungia mlango, na mbwa asiyetulia anaweza kutolewa nje. Mbwa wa kumliwaza mwenyewe tu hahesabiwi.

Wapo watakaosema mate ya mbwa ni najisi, na katika miji kama Mombasa hilo si neno la kupuuzwa. Mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulikubali mbwa wa muumini asiyeona asubiri ndani ya jengo, mbali na ukumbi wa sala. Kwenye matatu pia, anayeona vigumu kukaa karibu naye, au mwenye pumu inayochochewa na manyoya, abadilishiwe kiti.

Ukimwona mbwa huyo kazini usimpapase wala kumtupia kipande cha nyama. Akivurugika akili kwa sekunde chache tu, anayemfuata anaweza kukanyaga barabarani gari likipita.